STADI SI ADABU: ISTILAHI ZA USONJI NA MWANAFUNZI SHULENI

Istilahi ni chombo cha kazi. Chombo kikiwa butu kazi huharibika, na iwapo kazi yenyewe ni malezi ya mtoto, anayeumia si fundi bali ni mtoto. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza baadhi ya istilahi zinazotumika, na nyingine zinazofaa zitumike, katika kuwazungumzia wanafunzi wenye usonji na namna ya kuwasaidia wajifunze kuishi na wenzao shuleni. Tunamwandikia mwalimu anayewafundisha, mfasiri anayetafsiri vitabu vya kumwongoza mwalimu huyo, na mtumishi wa serikali anayeandaa waraka, taarifa au fomu inayomhusu mtoto wa namna hiyo. Watatu hawa hutumia maneno yale yale, lakini si kila mara huyapa maana ile ile, na hapo ndipo penye matatizo.

1. Mfano kutoka Ruaha

Ili hoja yetu isielee hewani, tuiweke mahali. Ruaha tunayoikusudia si ile hifadhi ya wanyama iliyo upande wa Iringa, bali ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na afikapo Mikumi mjini huikuta njia inayochepuka kuelekea kusini, Kidatu na Ifakara. Ruaha imo katika njia hiyo, kabla ya kuvuka Mto Ruaha Mkuu. Hizo ni pande za mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, na kwa sababu hiyo watu wengi wamehamia huko kutoka mikoa mingine, wakaungana na wenyeji wa wilaya hiyo kama vile Wavidunda na Wasagara. Darasa la shule ya msingi mahali kama hapo hukusanya watoto wa nyumba zenye lugha mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Kwa hiyo salamu ya Kiswahili ndiyo mlango wa kwanza ambao kila mtoto hutakiwa kuupita.

Tuchukue mfano, ambao tumeubuni wenyewe wala hauhusu shule yoyote maalumu, wa mwanafunzi wa darasa la pili katika mji huo. Asubuhi mwalimu aliyehamia karibuni anamwambia, "Hujambo, mwanangu?" Mtoto, pasipo kumtazama, anajibu, "Hujambo, mwanangu?" Mwalimu anarudia kwa ukali, na mtoto naye anarudia kwa ukali ule ule. Rimu ya gari inayotumika kama kengele inapogongwa, mtoto anaziba masikio na kuketi chini, huku wenzake wakikimbilia mstarini. Darasani anaambiwa apige mstari chini ya jibu, naye anaichapa meza kwa rula. Lakini ukimwuliza habari za mabasi yaendayo Ifakara, atakutajia majina yake yote, rangi zake na saa yanazopita. Mwisho wa juma mwalimu anaandika katika daftari lake: "Mtoto huyu hana adabu. Humwigiza mwalimu na hataki kutii."

Hukumu hiyo fupi ndiyo inayotushughulisha. Mwalimu hakusema uwongo. Alikieleza alichokiona kwa neno alilokuwa nalo. Lakini neno "adabu" lina njia yake ya kumwongoza mtu. Mtoto asiye na adabu huonywa, na asiposikia onyo huadhibiwa, na asiposikia adhabu huambiwa abaki nyumbani. Hatua zote tatu hufuatana kwa urahisi kutoka katika neno moja lililowekwa pasipo mahali pake.

2. Neno "usonji"

Neno "usonji" limekwisha kuzoeleka Tanzania na Kenya, katika magazeti, redio na maandishi ya elimu, wala hatuoni sababu ya kulibadilisha. Wapo wanaosema "otizimu" kwa kulifuata neno la Ulaya, na Waswahili walioko Oman na nchi za Ghuba hulisikia neno la Kiarabu "tawahudi", ambalo mzizi wake una maana ya moja au kuwa peke yako. Neno la Ulaya nalo limejengwa juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya "mwenyewe". Lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Eugen Bleuler, tabibu wa Uswisi, alipokuwa akieleza habari za wagonjwa wa akili. Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa watoto katika mji wa Baltimore, Marekani, alilitumia kuieleza hali ya watoto 11 aliowachunguza. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya watoto wenye hali iliyokaribiana na hiyo. Na kabla ya wote wawili, katika miaka ya 1920, bibi mmoja tabibu wa Kirusi, Grunya Sukhareva, alikwisha kuwaeleza watoto wa aina hiyo.

Majina hayo mawili, la Kiyunani na la Kiarabu, yote huchora picha ya mtu aliyejitenga na wenzake kana kwamba amependa. Picha hiyo ina kasoro, kwani watoto wengi wenye usonji hutamani sana kuwa na marafiki, ila njia inayowafikisha kwa wenzao imefichika kwao. Neno "usonji" lina faida moja, nayo ni kwamba halimchorei msomaji wa kawaida picha hiyo yenye kasoro. Lina pia hasara moja, kwamba halimchorei picha yoyote. Kwa hiyo mwandishi hana budi kulifasili kila anapowaandikia wasomaji wapya. Fasili tunayoipendekeza ni hii: usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo, inayoanza utotoni na kudumu maishani, inayomfanya mtu awasiliane, ahusiane na watu na kuzipokea hisi kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi, na mara nyingi apende mambo yenye mpango usiobadilika.

Katika fasili hiyo tumesema "hali", wala hatukusema "ugonjwa". Haifai basi kuandika kwamba mtoto "anaugua usonji" au "amepona usonji". Aidha, usonji hautokani na malezi mabaya ya mama, wala na laana, wala na uchawi, ijapokuwa maelezo hayo husikika mitaani na huwatia wazazi aibu wasiyostahili. Wala si jambo la nchi za mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wasemao kwa ufasaha kama kitabu. Wapo wanaohitaji msaada wa mchana na usiku, na wapo waliohitimu vyuo vikuu. Ndiyo maana wataalamu husema "wigo wa usonji". Neno "wigo" kwa asili ni ua au uzio, na sasa hutumika kwa maana ya upana wa jambo. Mfasiri alitumie kwa uangalifu, asije msomaji akadhani kwamba watoto hao wamezungushiwa ua.

Lipo pia suala la jina la mtu mwenyewe. Kiswahili kina desturi ya zamani ya kumweka mtu mwenye kasoro ya mwili katika ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kilema, kibogoyo. Desturi hiyo haikutokana na chuki, lakini imekuwa ikiachwa katika maandishi rasmi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwa jina lake tu, imemtanguliza mtu na kuufuatisha ulemavu. Kwa kufuata njia hiyo tunasema "mwanafunzi mwenye usonji", na wingi wake "wanafunzi wenye usonji". Hatupendekezi kuunda "msonji" na "wasonji", kwani jina la namna hiyo humgeuza mtoto mzima kuwa hali yake moja. Maneno "zezeta", "taahira" na "punguani" hayana nafasi katika maandishi ya shule, hata yakitajwa kwa huruma.

3. "Stadi za kijamii"

Sasa tufike kwenye istilahi iliyo kiini cha makala haya. Vitabu vya kigeni vinavyohusu wanafunzi wenye usonji huzungumzia sana mambo kama kusalimia, kuomba, kungojea zamu, kuingia katika mchezo wa wenzako, kusikiliza, kukataa kwa upole na kutambua kwamba mwenzako amechoka. Mambo yote hayo kwa pamoja huitwa kwa Kiswahili "stadi za kijamii". Istilahi hii imelalamikiwa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya sarufi. "Stadi" kwa asili ni mtu hodari katika kazi yake, na uhodari wenyewe ni "ustadi". Wapo waonao basi kwamba "stadi za kusoma" ni kosa. Tunakubali kwamba asili ya neno ni hiyo; lakini matumizi ya shuleni yamekwisha kuliimarisha neno "stadi" kwa maana ya ujuzi mmojammoja unaoweza kufundishwa na kupimwa, nasi husema stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, na stadi za maisha, na kila mwalimu huelewa. Tofauti iliyopatikana ina manufaa: ustadi ni uhodari kwa jumla, na stadi ni ujuzi mahususi. Lugha iliyojipatia tofauti yenye manufaa haifai kunyang'anywa.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. "Kijamii" humpeleka msomaji kwenye maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii na huduma za kijamii, yaani kwenye mambo ya umma, hali makusudio ni mambo ya mtu na mwenzake. Wengine wamejaribu "stadi za mahusiano", lakini siku hizi "mahusiano" katika vinywa vya vijana huashiria mapenzi, na mwalimu wa darasa la pili hatapenda kuandika hivyo kwenye taarifa ya mtoto. Maoni yetu ni kwamba "stadi za kijamii" ibaki kuwa istilahi, kwa kuwa imekwisha kuenea, na kwamba katika maelezo kwa wazazi itumike kauli ya kawaida, "stadi za kuishi na watu". Hakuna mzazi wa Kilosa au wa kwingineko asiyejua maana ya kujua kuishi na watu.

Tusilolikubali ni kuitafsiri istilahi hiyo kwa maneno "adabu", "nidhamu" au "tabia njema". Adabu ni hukumu juu ya nia ya mtu. Huitwa hana adabu yule ajuaye lipasalo na akaacha kulitenda. Stadi ni ujuzi, na asiye nao ni yule ambaye hajajifunza bado. Mtoto asiyejua kusoma hatumwiti mjeuri, twamfundisha. Mtoto asiyejua kuitika salamu naye afundishwe vivyo hivyo, hatua kwa hatua, kwa mifano na kwa subira. Tofauti hiyo ikieleweka, nusu ya kazi ya mwalimu imekwisha kufanyika, kwani ameacha kutafuta dawa ya ujeuri ambao haupo.

4. Salamu na viambishi

Rejea kwa mtoto wetu aliyeulizwa "Hujambo?" akajibu "Hujambo?" Jambo hilo si la ajabu kwa wenye usonji. Kanner mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1943, aliona kwamba watoto aliowachunguza walirudia walichoambiwa neno kwa neno, na kwamba viwakilishi vya nafsi walivisema kama walivyovisikia, "wewe" ikabaki "wewe" badala ya kuwa "mimi". Hali hiyo tunapendekeza iitwe "mwangwi wa usemi". Neno "ukasuku" tunalikataa, kwa sababu kasuku husemwa hana maana katika asemayo, hali mtoto huyu mara nyingi anayo. Asemapo "Unataka maji?" huenda anaomba maji kwa maneno yale yale aliyoyasikia siku alipopewa. Mwangwi huo huweza kuja papo hapo au baada ya siku nyingi.

Hapa Kiswahili kina ugumu wake ambao vitabu vya Ulaya havikuuwaza. Katika lugha nyingi za huko, nafsi ni neno zima linalosimama peke yake, na kosa la mtoto huonekana wazi. Kwetu nafsi ni kiambishi kilichofungwa ndani ya kitenzi: "unataka" na "nataka", "umeshiba" na "nimeshiba", "hujambo" na "sijambo". Silabi moja tu ndiyo inayotenganisha swali na jibu. Mwalimu aliye na wanafunzi wengi hatakisikia kiambishi. Atasikia kebehi tu.

Njia ya kumsaidia hutokana na sarufi hiyo hiyo. Badala ya kumwuliza mtoto swali na kungoja, mwalimu amtangulizie jibu kwa nafsi ya mtoto mwenyewe. Ashike kikombe na kusema, "Nataka maji," kisha ampe. Katika salamu, mwalimu au mwanafunzi mwenzake aseme "Hujambo?" na mwingine aliyesimama kando ya mtoto aseme kwa sauti ya chini, "Sijambo," mpaka mtoto aizoee. Asisahihishwe kwa "Sema sijambo", kwani yumkini atarudia yote, "Sema sijambo".

"Shikamoo" ina ugumu wake wa pili. Salamu hii haina usawa: mdogo husema "Shikamoo" na mkubwa huitika "Marahaba", wala hawabadilishani. Mtoto mwenye mwangwi wa usemi akimjibu mzee "Marahaba" pasipo kukusudia, ametamka neno litakalohesabiwa kuwa tusi. Tena kanuni yenyewe haikuandikwa mahali popote. Je, kijana wa bodaboda mwenye umri wa miaka 20 aamkiwe? Mwalimu aliyekwisha kuamkiwa asubuhi aamkiwe tena saa sita? Watoto wengi huyajua hayo kwa kuangalia tu. Mtoto mwenye usonji huhitaji kuambiwa waziwazi, kwa mfano: "Mwalimu, mama, baba, bibi na babu huwaambia Shikamoo, mara moja asubuhi. Watoto wenzangu huwaambia Mambo au Hujambo." Na kwa yule asiyeweza kusema, itosheleze ishara, kama kuinua mkono au kuinamisha kichwa, na darasa zima lijue kwamba hiyo ndiyo salamu yake.

5. Maneno yenye maana mbili

Wengi katika wanafunzi hawa huyachukua maneno kama yalivyo. Lugha ya darasani imejaa semi ambazo sisi hatuzioni tena kuwa ni semi. Kitenzi "piga" ni mfano bora: hupiga mstari, mswaki, magoti, picha, hodi na makofi. Mtoto anayelijua "piga" kwa maana ya kuchapa tu hakufanya ujeuri alipoichapa meza. Vivyo hivyo "tega sikio", "funga mdomo", "shika adabu yako" na "nitakuona baadaye" isemwapo kwa kutisha.

Hatusemi semi ziondolewe shuleni, kwani ni utajiri wa lugha, na mwanafunzi mwenye usonji naye ana haki ya kuzijua. Twasema kwamba amri ya kazi isemwe kwa kitenzi chenye maana moja: "chora mstari", "nyamaza", "sikiliza", "kaa kwenye kiti chako". Semi zifundishwe kwa wakati wake, kama msamiati, pamoja na maana zake. Mtungaji wa mitihani naye azingatie hili katika maelekezo yake.

6. Mtego wa mfasiri: macho na hisi

Mfasiri wa vitabu hivi hukutana na sentensi zinazotafsirika kwa urahisi na ambazo, zikisha kutafsiriwa, huwa na madhara. Iliyo mashuhuri ni agizo la kumfundisha mtoto amtazame machoni anayesema naye. Katika nchi lilikotoka agizo hilo, kutazama machoni ni ishara ya usikivu na ukweli. Kwetu mtoto anayesemeshwa na mkubwa huinamisha macho, na anayemkazia mzee macho huambiwa ni mkavu. Mwalimu wa Ruaha akilifuata agizo hilo neno kwa neno, atamfundisha mtoto kosa jipya kwa taabu kubwa. Tena wapo watu wazima wenye usonji walioeleza kwamba kutazamana macho huwaumiza na huwazuia wasisikie. Mfasiri aulize basi kusudi la agizo ni nini. Kusudi ni kumwonyesha msemaji kwamba anasikilizwa; na hilo kwetu huonyeshwa kwa kuitika "Naam" au "Abee", au kwa kumgeukia tu. Hayo ndiyo yatafsiriwe.

Mtego mwingine umo katika maneno "hisi" na "hisia". Hisi ni zile tano: kuona, kusikia, kugusa, kunusa na kuonja. Hisia ni furaha, huzuni, hofu na mfano wake. Wanafunzi wengi wenye usonji huzidiwa na hisi: kishindo cha rimu, vumbi na nyimbo za mchakamchaka, harufu ya uji, mguso wa sare mpya. Mfasiri akiandika "matatizo ya hisia", mwalimu atadhani mtoto ana huzuni, naye atambembeleza badala ya kumsogeza mbali na kengele. Istilahi tunayoipendekeza ni "kulemewa na hisi". Itofautishwe pia na "kudeka". Anayedeka huangalia kama anaonekana, na hunyamaza apatapo alichotaka. Aliyelemewa hana alitakalo ila kelele ziishe.

7. Msaada uwezekanao

Walimu wa elimu maalumu hufunzwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na zipo shule zenye vitengo vya wanafunzi wenye usonji, kama Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam. Lakini mtoto aliye mbali na vitengo hivyo yumo darasani leo, na yapo mambo ambayo mwalimu yeyote aweza kuyafanya kwa karatasi, penseli na mawe.

La kwanza ni ratiba ya picha: mstari, hesabu, uji, mchezo, nyumbani, kila jambo kwa mchoro wake, ili mtoto ajue linalofuata. La pili ni kumwonya kabla ya kengele kugongwa, na kumruhusu asimame mwisho wa mstari. La tatu ni hadithi fupi ya maelekezo, iliyoandikwa kwa nafsi ya kwanza, inayoeleza nini hutokea na yeye afanye nini. Njia hii iliasisiwa mwaka 1991 na mwalimu Mmarekani, Carol Gray. La nne ni michezo. Mdako, bao na kuruka kamba ni shule nzuri za zamu, kwa sababu kanuni zake hazibadiliki, kila mmoja huiona zamu yake, na maneno ni machache. Aanze na mwenzi mmoja mpole, kisha wawili, ndipo aingie katika kundi. La tano ni kuyaheshimu ayapendayo. Mtoto ajuaye mabasi yote ya Ifakara awaeleze wenzake habari za mabasi, ahesabu kwa mabasi, na asome majina ya mabasi. Hapo yeye ndiye mjuzi, na wenzake ndio waulizao.

Tusisahau kwamba stadi za kuishi na watu hazimdai mmoja peke yake. Mwaka 2012 Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: mwenye usonji hawaelewi wengine, na wengine nao hawamwelewi yeye. Kwa hiyo darasa nalo lifundishwe: kumngojea ajibu, kutomcheka, kumwambia waziwazi "njoo tucheze", na kutomshika ghafula. Hiyo ndiyo maana ya neno "jumuishi" katika "elimu jumuishi". Kuwaweka watoto katika chumba kimoja ni kuwachanganya tu. Kuwajumuisha ni kuwafanya wawe wa jumuiya moja.

8. Istilahi kwa ufupi

Usonji: kama ilivyofasiliwa katika sehemu ya 2. Isemwe "mwenye usonji".

Stadi za kijamii: ujuzi mahususi wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, unaoweza kufundishwa. Kwa wazazi: stadi za kuishi na watu. Isitafsiriwe kwa "adabu".

Mwangwi wa usemi: kurudia maneno yaliyosikika, papo hapo au baadaye. Isiitwe "ukasuku".

Kulemewa na hisi: kuzidiwa na sauti, mwanga, harufu, ladha au mguso. Itofautishwe na "hisia" na "kudeka".

Miondoko ya kujituliza: kupepesa mikono, kuyumba au kuzungusha kitu ili kupata utulivu. Isizuiwe iwapo haimdhuru mtu.

Ratiba ya picha: mpango wa siku ulioonyeshwa kwa michoro.

Hadithi ya maelekezo: maelezo mafupi ya tukio na la kufanya, kwa nafsi ya mtoto.

Mwenzi msaidizi: mwanafunzi anayeandamana na mwenzake katika kazi au mchezo. Si mlinzi wala kiranja wake.

Baadhi ya istilahi hizi zimekwisha kuenea. Nyingine ni mapendekezo yetu, nazo zitahitaji kujaribiwa na wanaozitumia kabla ya kusanifiwa. Mtihani wake ni mmoja: je, mwalimu akilisoma neno, atajua la kufanya kesho asubuhi?

Turudi kwenye daftari la mwalimu wetu wa Ruaha. Kwa istilahi alizonazo sasa angeweza kuandika hivi: "Mtoto huyu ana mwangwi wa usemi, hajaimudu bado stadi ya kuitika salamu. Atangulizwe jibu kila asubuhi. Hulemewa na kengele, aonywe mapema. Anajua sana habari za mabasi." Mtoto ni yule yule. Lakini maneno haya ya pili yana kazi ndani yake, nayo huanza siku ya Jumatatu.